Chupa Yenye Pete Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na mimi nimeanza daftari hili kwa hasira. Nimechoka na wateja wanaoniambia "wewe mwenyewe ulisema" wakati sikusema kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ni vivyo hivyo. Kuanzia leo kila gari litakaloingia gereji yetu litaandikwa humu, pamoja na maneno ya mwenye gari.

La kwanza ni la mdogo wangu, tena yeye ndiye mteja msumbufu kuliko wote. Ni mkunga kwenye zahanati iliyo juu kabisa mlimani. Zahanati haina gari la wagonjwa, kwa hiyo kigari chake ndicho gari la wagonjwa. Mama akishindwa kujifungua kule juu, anapakiwa kiti cha nyuma na kuteremshwa kona saba mpaka hospitali ya bondeni. Leo kaja akilalamika kwamba breki inashika ikikanyagwa, lakini akiinua mguu haiachii. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa la moto, linanuka kuungua.

Nimefungua, nikakuta kutu. Matope yaliingia kwenye mpira unaozunguka pistoni, ile inayosukuma pedi zibane diski, na pistoni ikagoma kurudi nyuma. Nimesafisha, nimepiga msasa, nimeweka mpira mpya. Kisha tukatoa upepo kwenye breki. Hiyo ni kazi ya watu wawili: mimi nilale chini kwenye gurudumu nikifungua na kufunga, Baba awe juu akikanyaga pedali na kujaza mafuta ya breki kwenye kikopo chake.

Wateja wanamwita Baba "Fundi Sikio". Gari likiwa bado barabarani yeye ameshajua linaumwa wapi. Na kuna jambo moja hamwachii mtu: gari haliondoki hapa mpaka yeye mwenyewe afungue boneti na kuongeza mafuta ya breki. Anaingiza ncha ya kidole kwenye mdomo wa kikopo, anamimina, mafuta yakigusa kidole anaacha. Hamwagi tone nje. Halafu anagonga boneti mara mbili na kusema, "Nenda, usirudi." Napenda kumwangalia akifanya hivyo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kutwa. Gari moja tu, taa ya nyuma.

Jumatatu, 11 Machi

Karudi. Gurudumu lile lile, ugonjwa ule ule.

Nimemwambia ukweli wangu: anateremka mlima mguu ukiwa juu ya breki kama mtu anayekanyaga nyoka. Gia zipo za kazi gani? Mdogo wangu akaniangalia kwa yale macho anayowatazamia waume wanaozimia chumba cha uzazi. Akasema amekuwa akiteremka mlima ule miaka sita, na miaka sita breki haikumng'ang'ania, kwa hiyo nimtafutie sababu nyingine. Nikamwambia fundi ni nani hapa. Akanijibu hilo ndilo hata yeye anajiuliza.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Jumanne, 12 Machi

Nimebadilisha pedi zote mbili za mbele. Nimepaka grisi pini zinazobeba kile chuma cha breki ili kiteleze bila kukwama. Tumetoa upepo upya. Baba kaongeza mafuta, kagonga boneti mara mbili. Nenda, usirudi.

Alhamisi, 14 Machi

Mwenye gari la mikate kaleta taa na honi. Nusu saa tu. Baba kaongeza mafuta na kumfungia boneti kama kawaida. Kutoka kwa mdogo wangu, kimya. Kimya cha mdogo wangu ni habari njema.

Jumatatu, 18 Machi

Si habari njema. Sasa magurudumu yote mawili ya mbele yanashika. Anasema asubuhi gari huwa jepesi, lakini kadiri anavyoendesha pedali inapanda juu na kuwa ngumu kama jiwe, gari linakuwa zito utadhani linavuta jingine. Likipumzika nusu saa, linaachia.

Safari hii hasira zangu nimezipeleka kwa muuza vipuri wa mtaa wa pili. Nimeweka mipira ya pistoni juu ya meza yake na kumwambia anauza takataka. Imevimba, nikamwonyesha, ya juzi tu, na tayari imenenepa. Mtu yule ni mpole, aliigeuza geuza, akasema ameuza mipira ya boksi lile kwa mafundi wanane na hakuna mwingine aliyerudi. Akaniuliza kama nina uhakika na mafuta ninayotumia. Niliona ananigeuzia kibao. Nikamwambia gereji ya baba yangu inatoa upepo tangu yeye hajajua kufunga kamba za viatu.

Nikanunua duka jingine. Nikabadilisha na mipaipu ya mpira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, maana ikichoka kwa ndani huwa inafunga njia ya kurudi. Kazi hadi jioni. Baba aliniomba nimwanzishie skrubu ndogo inayoshika kikopo cha mafuta, vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi, alisema. Nikamfungia.

Jumanne, 19 Machi

Gari limeondoka. Yameingia matatu mengine, kazi ndogo ndogo. Nimelala vibaya.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nitaandika kila kitu kama kilivyotokea.

Saa nne asubuhi simu ililia. Haikuwa sauti ya mdogo wangu, alikuwa mwanamume mgeni, akasema mwenye simu hii yuko kona ya tano, niende na jeki na maji. Nikauliza yuko hai? Akasema njoo tu. Jibu gani hilo? Nimepanda mlima ule na gari la mteja, bila ruhusa ya mteja, mvua inapiga kioo sioni mbele, na njia nzima nilikuwa natukana. Namtukana yule mwanamume, naitukana mvua, nikifika kwangu mwenyewe nanyamaza.

Nimelikuta gari limelalia mtaro wa upande wa mlima. Wa upande wa mlima, naandika tena. Upande wa pili hakuna mtaro, kuna hewa. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi, na kila tone la mvua likigusa ringi linachemka na kuruka. Mdogo wangu alikuwa kiti cha nyuma. Alikuwa amepiga magoti kati ya viti, mlango wazi, na yule mwanamume, kumbe mume wa mgonjwa, ameshika turubai juu yao kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa anatoka.

Sikuwa na la kufanya. Nilishika upande mmoja wa turubai. Mdogo wangu hakuniangalia hata mara moja, alikuwa anazungumza na mama yule kwa sauti ya chini, polepole, kama watu wawili wanaokunja shuka. Mtoto kazaliwa saa nne na dakika arobaini, kwenye mtaro, ndani ya gari nililolitengeneza mimi. Alikaa kimya. Mdogo wangu akamfuta, akampindua, akamsugua mgongo, akamsugua tena. Ndipo akalia. Mume wa yule mama akakaa chini kwenye maji, turubai likatuangukia wote.

Lori la mchanga likawachukua mama na mtoto hadi bondeni. Tuliobaki ni mimi na mdogo wangu na moshi. Akanieleza kwa ufupi. Kona ya tatu gari likaanza kuwa zito. Kona ya nne likaanza kuvuta kushoto, akashika usukani kwa nguvu zote. Kona ya tano breki zikachemka, pedali ikazama mpaka chini bila kushika kitu. Aliamua kuligonga mlimani yeye mwenyewe kabla halijamchagulia.

Kisha akaniangalia, akasema neno moja ambalo sijui nitalisahau lini.

"Dada, nimekuletea gari hili mara tatu. Mara ya nne utaletewa mimi."

Jumapili, 24 Machi

Hapokei simu. Baba kaketi mlangoni mwa gereji tangu asubuhi akisikiliza barabara, akingoja injini ya mdogo wangu, wakati gari limekaa hapa hapa nyuma yake, nimelivuta jana. Nimemkumbusha. Akasema anajua.

Jumanne, 26 Machi

Mwenye gari la mikate karudi. Nilidhani ni honi. Akasema hapana, honi nzima, lakini tangu juzi gari linakuwa zito akiendesha mwendo mrefu, na pedali inapanda juu.

Nimemwomba arudie. Akarudia, akashangaa kuniona nimesimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Gari lake ni kubwa, la kampuni nyingine, halipandi mlima, halijawahi kufunguliwa breki na mtu yeyote mwaka huu. Muuza vipuri hahusiki. Mguu wa mdogo wangu hauhusiki. Magari mawili yasiyojuana, ugonjwa mmoja. Yamekutana wapi?

Yamekutana hapa.

Jumatano, 27 Machi

Nimefanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama nisingekuwa na kiburi. Nimefungua kikopo cha mafuta ya breki cha gari la mdogo wangu. Mpira wa ndani ya kifuniko umevimba hadi haurudi tena mahali pake. Wote umelegea, kama sikio la mtu aliyeumwa na nyuki. Nimevuta mafuta kidogo kwa bomba la sindano nikayamwaga kwenye glasi ya maji safi. Mafuta ya breki huyeyuka ndani ya maji, yanapotea kabisa. Haya hayakupotea yote. Juu yake ilibaki ngozi ya mafuta, inang'aa, inaelea.

Nikafanya hivyo hivyo kwa gari la mikate. Ngozi ile ile, nyembamba zaidi.

Mtu ametia mafuta mengine kwenye breki. Mafuta ya aina hiyo hunenepesha mipira yote, na mpira ukinenepa ndani ya masta silinda, ile pampu iliyo chini ya kikopo, unaziba kitundu cha kurudishia. Mafuta yanakwenda kubana magurudumu na hayana njia ya kurudi. Ile kutu ya tarehe nne ilikuwa ugonjwa wa kweli. Magonjwa yaliyofuata tuliyaleta sisi, kila tulipotoa upepo.

Muuza vipuri aliniuliza kuhusu mafuta. Nilimtukana.

Alhamisi, 28 Machi

Nimengoja Baba aende kula, nikaenda kwenye rafu yake. Baba hununua mafuta kwenye madumu na kuyagawa kwenye chupa ndogo za plastiki, zote sawa, za rangi moja. Tangu nijue kazi, chupa hizo zilikuwa na maandishi yake ya rangi nyeupe. Maandishi yamefutika siku nyingi, na mimi sikujali, kwa sababu chupa hizo huzigusa yeye tu.

Shingoni mwa kila chupa kuna pete za mpira, zimekatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Nilikuwa naziona kila siku nikidhani ni za kuzuia chupa isiteleze. Leo nimezihesabu. Chupa ya kwanza pete moja: nikamimina tone kwenye maji, likayeyuka. Ni mafuta ya breki. Ya pili nayo pete moja: tone likaelea. Ni mafuta ya stelingi, yale yanayolainisha usukani. Ya tatu pete tatu, mafuta ya gia. Hakuna yenye pete mbili.

Nikapiga magoti, nikapapasa nyuma ya rafu kwenye vumbi. Niliipata. Imevimba, imelegea, imepanuka mara mbili ya ukubwa wake. Mafuta ya stelingi yamechuruzika shingoni mwa chupa, yakainenepesha, ikateleza ikaanguka. Chupa ya pete mbili ikawa chupa ya pete moja.

Nimekaa sakafuni na pete ile mkononi. Mtu anayeona hahitaji pete shingoni mwa chupa. Kidole ndani ya kikopo. Skrubu ndogo. Gazeti ambalo siku hizi anasema limejaa uongo, halisomi. Gari lililokuwa nyuma yake mchana kutwa. Hata sikio, ee Mungu wangu, hata lile sikio tunalolisifu.

Ijumaa, 29 Machi

Sikuweza. Nimezificha chupa, nikasema rafu inavuja.

Jumamosi, 30 Machi

Nimefunga lango la gereji saa sita na kumwita Baba kwenye benchi la kazi. Nilikuwa nimezivua chupa zote pete. Nikaweka mbili mbele yake, nikamwomba anipe ya breki.

Alinyoosha mkono bila wasiwasi. Vidole vikapanda shingo ya chupa ya kwanza, vikazunguka, vikashuka. Vikaenda ya pili, vikazunguka. Vikarudi ya kwanza. Nilitaka kumwambia acha, lakini sikusema, na hilo nalo naliandika. Mwishoni akaweka viganja vyote viwili juu ya benchi.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu mvua za mwaka juzi. Kwanza ukungu, kama kioo cha gari asubuhi. Nikangoja uondoke."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeninyang'anya spana, ungeniwekea kiti."

Nikamwekea ile pete iliyovimba kiganjani. Aliiminya mara moja tu akaelewa kila kitu, maana yeye ndiye aliyenifundisha mafuta gani yanakula mpira gani. Uso wake uliporomoka. Mimi, badala ya kunyamaza, nikasema kwamba angemuua mwanawe kwa sababu ya kiti. Nilisema hivyo kwa baba yangu. Nilikuwa na uchungu wa kona ya tano mwili mzima na nikaumwaga wote juu ya mzee wa miaka sabini na moja.

Hakujitetea. Alilia bila sauti, machozi yakipita kwenye grisi. Nami nikalia, kwa sababu miaka miwili nimefanya kazi hatua mbili kutoka kwake, najua sauti ya kila beringi, na sikumwona. Baadaye akasema jambo moja: mdogo wangu asilisikie kwa mtu mwingine. Atamwambia yeye.

Jumapili, 31 Machi

Tumepanda zahanati, mimi na Baba, kwa gari la kukodi. Mdogo wangu alikuwa anafua mashuka. Baba alimweleza akiwa amesimama, kofia mkononi, hakuacha kitu: pete, chupa, ukungu, na kwamba kila mara aligonga boneti akimtakia heri. Mdogo wangu aliendelea kukamua shuka moja mpaka likakosa maji. Nilidhani atatufukuza, na angetufukuza ningeona ni haki.

Akafuta mikono. Akamkalisha Baba kwenye kitanda cha wagonjwa, akawasha tochi ya simu, akamwangalia macho, moja kisha jingine, kwa muda mrefu. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ugonjwa umekomaa, na kwamba hutolewa hospitali ya bondeni. Kisha akazima tochi. Akasema kazi yake ni kuwaangalia watu, na kila wiki alimpa Baba mkono bila kumwangalia. Hakusema amemsamehe. Alimpa chai, akamwekea kikombe mkononi badala ya mezani.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimewapigia simu wateja wote walioandikwa humu tangu tarehe nne. Magari sita. Kila mmoja nimemwambia kosa ni letu, asiendeshe, nitamfuata. Mmoja amenitukana vizuri sana. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.

Halafu nikaenda kwa muuza vipuri kuomba radhi. Akasema yameisha, akaniuzia mipira ya boksi lile lile.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Gari la mikate tayari. Manne mengine tayari.

Jumamosi, 6 Aprili

La mdogo wangu nimeliacha la mwisho ili nisiwe na haraka. Nimetoa kila mpira uliowahi kuguswa na mafuta yale. Masta silinda mpya, mipira ya pistoni magurudumu yote manne, mipaipu, kikopo, kifuniko. Mabomba ya chuma nimeyasafisha mara tatu, na kila mara nimemwaga tone kwenye glasi ya maji. La mwisho lilipotea lote. Baba alikanyaga pedali. Mafuta nilijaza mimi, kutoka chupa niliyoivunja lakiri mwenyewe.

Kisha tumejaribu mlimani. Mdogo wangu aliendesha, na Baba akafungua mlango wa mbele akaingia. Nikamwambia si lazima. Akasema kama breki zitashika tena, zishike na yeye akiwemo. Mdogo wangu hakubisha, akamfungia mkanda.

Nimewangoja chini ya kona ya saba na jeki. Nilihesabu injini kwa masikio: kona ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano ilishuka gia, na moyo wangu nao. Halafu wakatokea, taratibu, bila moshi. Nikagusa ringi zote nne, joto la kawaida, kushoto sawa na kulia. Nikainua gari, Baba akachuchumaa kwenye matope akazungusha kila gurudumu kwa mkono wake, sikio karibu. Yalizunguka na kuzunguka.

"Haigusi popote," akasema.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua imepungua. Baba ana tarehe ya hospitali, wiki ya tatu ya mwezi ujao, jicho la kulia kwanza. Kiti hakuna aliyemwekea. Leo amesikiliza injini mbili na hakukosea.

Mdogo wangu kaja kuchukua gari saa tatu, mbio mbio. Kuna mama ameanza uchungu kule juu. Aliwasha injini, akaweka gia. Ndipo Baba akatoka ndani, akapapasa boneti, akaifungua. Mkono wake ukaenda kwenye kikopo, kidole tayari. Ukasimama hapo. Akanyoosha ule mwingine kwangu, nikampa chupa, mpya, yenye karatasi yake. Hakuifungua. Akanirudishia.

"Nisomee."

Nikasoma: mafuta ya breki. Nikasoma na namba, na maandishi madogo ya chini, mpaka jina la kiwanda.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, nikamimina mpaka mafuta yakagusa kidole chake. Mdogo wangu alikuwa anaichungulia saa yake, mgonjwa anamngoja juu ya kona saba, na hakupiga honi. Baba akashusha boneti, akaigonga mara mbili. Maneno yake ya siku zote hakuyasema. Alisema, "Nenda, urudi."